Sura ya Tano: Kisiwa Kilichokuwa Chini ya Maji

Nimewahi kulipia safari ya kisiwani, nikafikishwa hadi kisiwani, na kisiwa chenyewe nisikikanyage.

Ilikuwa Unguja, Mji Mkongwe, siku moja baada ya mwezi mpevu. Tulikuwa wanne: mimi, mke wangu, na shemeji zangu wawili waliotoka bara na kuiona Zanzibar kwa mara ya kwanza. Pale kwenye mchanga wa Shangani, zinapojipanga boti za kwenda Changuu, kijana mmoja alitufuata akicheka kama mtu tuliyekua naye nyumba moja. "Karibuni nyumbani, ndugu zangu. Nyinyi si wazungu bwana, nyinyi nawapa bei ya kwetu." Akatusifia Nakupenda, fungu la mchanga mweupe lililo baharini si mbali na mji. Hakuna mti, hakuna nyumba, mchanga na maji tu, mnakaa pale kama masultani. Tukapatana bei, tukalipa yote, saa tisa na nusu alasiri tukapanda. Haikufika saa kumi nahodha akazima mashine katikati ya bahari.

"Tumefika," akasema.

Shemeji mdogo akaangaza huku na huku. "Wapi?"

Nahodha, mtu mzima asiye na maneno mengi, akaelekeza kidole chini. Maji yalikuwa ya kijani, maangavu, na mchanga ulionekana kwa chini ukimeta kama sahani ndani ya beseni. "Fungu limelala," akasema. "Bamvua hii. Mngekuja asubuhi."

Tukaelea juu ya kisiwa chetu kama nusu saa, tukala matunda, tukarudi. Njia nzima nilikuwa natafuta neno la kumwambia yule kijana, na sikulipata, kwa sababu hakuna alilotudanganya. Alisema atatupeleka Nakupenda, na kweli alitupeleka. Sikumuuliza maji yako wapi, naye hakuona sababu ya kunikatisha tamaa. Tena, na hili ndilo lililonikera zaidi, nilikuwa nimeona haya kumuuliza. Utamhojije mtu aliyekwisha kukuita ndugu?

Maonyo mengi kuhusu matapeli wa ufukweni yameandikwa kwa ajili ya Mzungu: usibadilishe dola mtaani, usimfuate mtu gizani, usivae dhahabu. Sisi wa Kiswahili tukiyasoma tunatabasamu, maana tunaamini lugha ni ngao. Kwa safari zangu za pwani, tangu Jambiani hadi Diani, nimeona mambo kinyume. Mzungu anapigwa kwa kutojua. Sisi tunajua vizuri tu, ila tunaona haya. Tunaona haya kuuliza bei kabla ya kula, kudai risiti, kumwambia kijana aliyetubebea begi kwamba hatukumtuma. Na anayeishi kwa kutafuta wateja mchangani anaijua haya yetu kama mvuvi anavyojua mwamba wenye pweza.

*

Watafuta wateja hao, Zanzibar huwaita papasi. Papasi wa asili ni mdudu, jamaa wa kupe, anayejificha katika nyufa za nyumba za udongo na kutoka usiku kunyonya damu. Homa ya papasi imepata jina kwake. Kwa Mombasa na Diani wenzao huitwa bichi boi, hata yule mwenye mvi na wajukuu. Nitalitumia jina la papasi kwa kuwa ndilo linalotumika, ila ni jina la dharau na halimtendei haki kila anayelibeba. Wapo wenye vitambulisho vya kuongoza wageni, wanaojua majina ya samaki na historia ya kila mlango wa Shangani, na wanaotegemea kamisheni kwa sababu hakuna anayewaandikia mshahara. Mwaka 2024 Zanzibar ilipokea wageni wa kimataifa zaidi ya laki saba, na wenyeji kwa sensa ya 2022 hawafiki milioni mbili. Fedha ya wageni hao inapita mbele ya macho ya kijana wa Nungwi kila siku, ikiingia getini na kutokea getini. Mimi pia ningeteremka ufukweni.

Basi tuelewane kuhusu cha juu. Tuseme mwenye boti anataka shilingi 80,000 kwa safari nzima. Papasi anakutajia 160,000, mnavutana, mnaishia 120,000. Mwenye boti anapata yake, nahodha anapata yake, arobaini inabaki mfukoni kwa aliyekuleta. Ukikwepa papasi ukaagiza safari mapokezi ya hoteli, cha juu kipo vilevile, huenda kikubwa zaidi, ila kimevaa shati lililopigwa pasi. Huo kwangu ni udalali, na udalali ni kazi. Utapeli unaanzia pale kinacholetwa kinapokuwa si kile kilichouzwa.

Na hapo ndipo maneno yanapocheza. Unaambiwa "twende Mnemba", unapiga picha kichwani umekaa kwenye mchanga wa Kisiwa cha Mnemba. Kisiwa kile kimekodishwa kwa hoteli, na asiye mgeni wao hakanyagi. Utakakopelekwa ni kwenye mwamba unaokizunguka, ambao ni mzuri ajabu kwa kuzamia na kutazama samaki, lakini utauona ukiwa majini, na boti yako ikiwa miongoni mwa boti nyingi. Kuna ada ya hifadhi pia. Kama haikutajwa mlipopatana, itatajwa mkiwa mmeshavaa miwani na mapezi, wakati ambao hakuna mwanadamu anayegombana.

Changuu nako hivyohivyo: bei ya boti ni moja, kiingilio cha kuwaona makobe ni kingine. Makobe wale, wa uzao wa waliotoka Shelisheli mwaka 1919, wanastahili kiingilio chao. (Jina la "Kisiwa cha Gereza" linalouzwa kwa watalii lina kichekesho chake: gereza lilijengwa miaka ya 1890 na halikuwahi kufunga wafungwa, likageuzwa karantini ya wagonjwa. Wenyeji walishakuwa na jina lao, Changuu, kwa jina la samaki, na hawakuwa na haja ya gereza.)

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wenzangu wa bara ni kutouliza kama bei ni ya boti au ya kichwa. Watu sita wanasikia "elfu hamsini", wanagawana kichwani mwao, wanaona ni bei ya bure, wanapanda. Wakirudi wanadaiwa laki tatu. Hapo uulize mapema: ya boti au ya kichwa? Kiingilio kimo? Chakula kimo? Miwani na mapezi vimo? Tunatoka saa ngapi, tunarudi saa ngapi, na maji saa hizo yatakuwa wapi? Halafu useme bei yote kwa sauti mbele ya nahodha mwenyewe, siyo mbele ya aliyekuleta peke yake. Na hili la mwisho lina thamani kuliko mengine yote: nusu sasa, nusu tukirudi mchangani. Papasi wa kweli atanung'unika kidogo na kukubali. Anayekataa kabisa amekwisha kukujibu.

*

Niseme zaidi kuhusu maji, kwa sababu huu ni ujanja ambao sisi watu wa bara tunauziwa kila siku bila mtu yeyote kusema uongo.

Bahari ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, takriban saa sita kutoka kujaa hadi kupwa. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji ya juu na ya chini hukaribia mita nne. Kwa Unguja, siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukauka karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hugeuka na tofauti hupungua sana. Mvuvi yeyote anayajua haya bila kutazama simu. Ningeyajua na mimi, nisingemlipa mtu anipeleke kwenye fungu la mchanga saa kumi ya bamvua.

Sasa chukua hoteli ya pwani ya mashariki, Paje au Jambiani au Bwejuu. Picha yake imepigwa alasiri ya bamvua: maji ya buluu yanagusa ngazi, mnazi umeinama, mtoto anarukia majini. Unafika asubuhi, unafungua dirisha, bahari haipo. Imekwenda zake hadi kule kwenye mwamba, na mbele yako ni uwanda wa mchanga, madimbwi, na akina mama wanaoshughulikia mwani wao, kilimo kilichoanza huko mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwangu mimi hiyo ni mandhari ya kupendeza kuliko picha. Lakini kama umewaahidi watoto kuogelea asubuhi, utakuwa na siku ndefu. Nungwi na Kendwa, huko kaskazini, unaweza kuoga karibu wakati wote, na ndiyo maana huko vyumba hugombewa. Mwenye hoteli ya mashariki hatakwambia hayo. Muulize swali lake: "Jumamosi saa tatu asubuhi, maji yatakuwa wapi?" Akijibu "bahari yetu ni nzuri wakati wote", jua umezungumza na tangazo.

*

Vitu vidogo nivipitie harakaharaka.

Kusuka nywele mchangani: unatajiwa bei, unadhani ni ya kichwa, kumbe ni ya msuko mmoja, na kichwa kina misuko mingi. Hina: nyekundu haina neno, ila ukichorwa kwa piko nyeusi inayokauka upesi, fahamu kwamba ile ni dawa ya nywele, na ina kemikali inayoweza kubabua ngozi hadi ikaacha kovu. Mtoto usimpake kabisa. Zafarani ya soko la Darajani: Zanzibar haioti zafarani, na yale majani mekundu ya bei rahisi mara nyingi ni petali za ua jingine. Yatie kwenye maji ya vuguvugu. Zafarani ya kweli hutoa rangi polepole, na uzi wake hubaki mwekundu. Kombe na makome: anayekuuzia atakuapia kwamba ni halali kusafiri nayo, lakini uwanja wa ndege hatakuwapo.

Forodhani, pale Mji Mkongwe, usiku ni lazima ufike, na uchangamke. Ila usikubali "jaza tu sahani, bei tutaongea". Pale hakuna kuongea baada ya kula. Onyesha kwa kidole, mshikaki huu bei gani, kamba hawa bei gani, chapati je, jumlisha mwenyewe, ndipo uketi. Na tazama moto. Mishkaki iliyokaa juu ya meza tangu jua kuzama na kupashwa mara tatu imekwisha kuwafundisha wengi adabu, na somo lake huja usiku wa manane. Mimi hupenda kuanza na urojo na juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yangu, maana hapo hakuna siri.

Teksi: bei kabla ya mlango kufungwa. Dereva akikwambia hoteli yako imefungwa, imejaa, au maji yamekatika, mshukuru kisha mpigie mwenye hoteli kwa namba uliyokuja nayo, siyo namba anayokupa dereva. Kutoka uwanja wa ndege hadi mjini ni karibu, na daladala namba 505 ipo. Nungwi ni 116, Jambiani kupitia Paje ni 309. Ukizitaja namba hizi tu, hata kama huna nia ya kupanda daladala, bei ya teksi hushuka yenyewe.

Ukitajiwa bei kwa dola, ifikirie mara mbili. Mbali ya kwamba kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani ya Tanzania kutajwa kwa fedha za kigeni, dola kwa mswahili mwenzako ni mtego wa hesabu: anachagua kiwango cha kubadilishia kichwani mwake, na kiwango hicho hakijawahi kukupendelea wewe.

*

Hayo yote, hata ukijumlisha na fungu langu lililolala, ni hasara ya mchana mmoja. Hasara ninazosikia sasa kwa ndugu na marafiki ni kubwa zaidi, na zinatokea kabla mtu hajaonja chumvi. Papasi wa leo hakai ufukweni. Yuko kwenye simu.

Rafiki yangu mmoja na wenzake wa ofisini, watu wanane wa Dar es Salaam, walipanga kula sikukuu Jambiani. Waliona kwenye Instagram jumba la vyumba vinne, bwawa, mpishi, bei ya kutamanisha. Ukurasa ulikuwa na wafuasi maelfu. Aliyepokea ujumbe alikuwa na adabu kuliko mhudumu yeyote wa benki: "Karibuni sana wapendwa wetu." Akawaambia kuna kikundi kingine cha Nairobi kinaulizia tarehe hizohizo, basi walipe nusu leo ili awashikie. Namba ya kulipia ilileta jina la mtu binafsi. Wakauliza. "Huyo ni mhasibu wetu." Wakalipa. Siku mbili baadaye akawaambia mwenye nyumba amekataa nusu, sikukuu hii ni malipo kamili. Wakakamilisha.

Jumba walilikuta. Lilikuwa lilelile la kwenye picha, bwawa lilelile, mnazi uleule. Mlinzi akawasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akawaambia: "Poleni sana. Nyinyi ni wa tatu." Mwenye nyumba alikuwa ndani na familia yake na hakuwahi kupangisha hata siku moja.

Nimeikalia kitako hadithi hii kwa sababu kila kitu kilikuwa wazi mbele yao. Jina halikulingana, wakapewa maelezo. Haraka ilikuwa haina sababu, wakapewa Wanairobi. Walipoanza kushuku, nusu ya hela ilikuwa imekwisha kwenda, na mtu aliyetoa nusu huitetea nusu ile kama mwanawe. Nilipomuuliza rafiki yangu kwa nini hakumwomba yule bwana apige simu ya video akiwa pale nyumbani, akanyamaza kidogo. "Ningeonekana simwamini," akasema.

Ile haya tena.

Ninavyofanya mimi siku hizi ni hivi. Picha naitafuta kwenye Google kwa picha yenyewe. Mara nyingi nyumba ya "Paje" hujitokeza ikiwa Bali. Nikilijua jina la hoteli, simu naipata kwenye ramani au kwenye tovuti yao, siitumii ile iliyo kwenye ukurasa uliojileta wenyewe, maana kurasa za kuigiza hunakili kila kitu ila namba. Naomba video ya moja kwa moja, geti hadi baharini, na namwomba anionyeshe jirani. Naangalia kama watu wanaruhusiwa kuandika maoni chini ya picha. Ukurasa uliofunga maoni umefunga midomo ya waliolizwa. Nalipa kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, au kwa njia ya kuagiza inayoshikilia fedha hadi nifike. Na jina likitokea kwenye skrini kabla ya namba ya siri, nalisoma herufi kwa herufi. Tanzania linatokea. Kenya kwenye M-Pesa wana Hakikisha, inayokupa sekunde chache za kughairi. Sekunde zile watu huzitumia kutafuta miwani.

Safari za vikundi vya WhatsApp nazo zina ugonjwa wao. Mtu mwenye jina mtandaoni anatangaza fungate, pasaka, mwisho wa mwaka, boti, hoteli, muziki, mchango kidogokidogo kila mwezi. Wapo waaminifu. Lakini mwombe kitu kimoja: uthibitisho wa hoteli wenye idadi ya vyumba, kisha uipigie hoteli mwenyewe. Hoteli nyingi zitakwambia hazimjui.

Na kuna ule ujumbe wa kale usiozeeka: "Ile hela itume kwenye namba hii, ile nyingine ina tatizo." Zamani ulikuja ovyo, kwa mtu yeyote, tukaucheka. Sasa unakuja siku ileile uliyopatana na hoteli, kwa sababu mtu ameona maoni yako hadharani ukiulizia chumba. Ukipata ujumbe wa namna hiyo Tanzania, andika neno UTAPELI ulitume kwenda 15040, utaulizwa namba ya mhalifu. Kwa wateja wa Safaricom, ujumbe wa utapeli unapelekwa 333, na fedha iliyokwenda kwa makosa, unapeleka ule ujumbe wa muamala 456, haraka, kabla mwenzako hajafika kwa wakala.

*

Upande wa Kenya nina mawili tu ya kuongeza.

La kwanza ni la "mimi wa hotelini". Unatembea ufukweni Diani au Nyali, mtu anakuamkia kwa furaha. "Hujambo mzee! Umenisahau? Mimi wa jikoni pale kwenu, leo niko ofu." Hujui sura za wapishi, na ni aibu kukana. Sasa rafiki huyo wa jikoni ana mke kajifungua, ana duka la binamu yake la vinyago, ana boti. Dawa yake ni swali la upole, "Sisi tuko hoteli gani?", na hapo urafiki mwingi huisha kwa kicheko cha pande zote mbili. Tanzania bara yupo ndugu yake, yule wa "wewe si mtoto wa mama wa Kariakoo?" Kariakoo ina mama wengi.

La pili ni daftari la mchango. Timu ya mpira, madrasa, kituo cha yatima, na orodha ya waliotangulia kuchangia, kila mmoja kwa mwandiko wa kalamu moja, na kiasi kikubwa kuliko ulichofikiria. Mimi sisemi usitoe. Sema utakwenda kuitazama timu ikifanya mazoezi jioni. Niliwahi kusema hivyo, na kijana akanipeleka kweli, timu ilikuwapo, na viatu hawakuwa navyo. Nikachangia. Kwa hiyo usianze na kushuku, anza na kwenda.

Na ukiwa Likoni kwa miguu, kivuko hakina nauli. Asikuuzie mtu tiketi.

*

Miaka miwili baadaye nilirudi Shangani, mchanga uleule, na yule kijana alikuwapo, amenenepa kidogo, amevaa fulana ya Yanga. Alianza mbali, mikono wazi. "Ndugu yangu! Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka sana," nikamwambia. "Wewe ndiye uliyenipeleka Nakupenda nikaogelea juu yake."

Alisimama, akatafuta kichwani mwake, kisha akacheka hadi akajishika magoti. Akamwita nahodha aje asikie. Nahodha hakucheka, alitazama bahari, akatazama angani upande ambao mwezi ungetokea, akasema, "Leo maji mafu. Fungu litakuwa limeamka mpaka magharibi."

"Ya boti au ya kichwa?" nikauliza.

"Ya boti, yakhe," akasema kijana. "Na nusu nikikurudisha."